Ncha Nyeupe ya Mkia

Kwa miaka miwili shangazi yangu aliamini kwamba napima damu za watu. Sikumdanganya. Nilimwambia nimepata kazi maabara, nje kidogo ya mji, na yaliyobaki akayajaza mwenyewe. Yeye ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa, katika nyumba ya ghorofa tatu pale Mkunazini, na nilikuwa namjua vizuri. Alisomesha hesabu mpaka siku aliyostaafu. Alisimamia mitihani kwa ukali uliowafanya watu wazima, wenye ndevu zao, mpaka leo wakikutana naye sokoni wanyooshe migongo. Na akiona panya, hupanda juu ya kiti na kubaki huko mpaka aletewe habari ya uhakika kwamba mnyama amekufa au ameondoka. Kwa hiyo sikuona haja ya kumweleza kwamba mtoto wa kaka yake, aliyemsomesha mpaka chuo kikuu, anashinda kutwa na panya zaidi ya mia mbili.

Panya wetu si hawa wanaokimbizana darini. Ni wadogo, weusi, manyoya yao yanang'ara kama kiatu kilichopigwa rangi, na wanaishi katika masanduku ya plastiki yenye vifuniko vya waya, wamelazwa juu ya maranda ya mbao. Kila wanapozaa, takriban nusu ya watoto wanarithi kinasaba kimoja kilichopandikizwa kwa mababu zao, na wakubwa wetu wanataka kujua kama kinasaba hicho kinamsaidia mnyama kupambana na malaria. Tatizo ni kwamba kwa macho wote ni sawa. Mwenye nacho na asiye nacho wananyonya pamoja, wanalala wamelundikana pamoja, wanakuuma kidole kwa namna moja. Kazi yangu ilikuwa kusema yupi ni yupi.

Nilikuwa nikisema hivi. Watoto wakitimiza wiki tatu, mtunzaji anawatoboa ukingo wa sikio kwa kifaa kama kile cha kutobolea karatasi ofisini, ila kidogo zaidi, na ananipa kile kipande kilichotoka, kidogo kama chembe ya ufuta. Nakichemsha mpaka nyama iyeyuke. Kisha nakitia katika mashine ya PCR, kile kipimo ambacho kila mtu alilijua jina lake wakati wa korona. Mashine inakinakili kile kinasaba mara nyingi sana, mpaka kiwe kingi cha kuonekana. Mwisho namimina maji yake kwenye jeli, napitisha umeme, nazima taa za chumba na kuwasha taa maalumu. Panya mwenye kinasaba anatoa mistari miwili. Asiye nacho, mmoja tu, ule ambao kila panya anao. Kundi moja la watoto lilinichukua siku mbili, na umeme ukikatika katikati nilianza upya.

Jeli ile hutokana na mwani. Si huu wanaoulima kina mama wa Paje, ni wa aina nyingine, lakini inavyochemshwa na kugandishwa haina tofauti na faluda tunayokula. Mtunzaji wetu alizoea kuchungulia mlangoni na kuniuliza kama leo nimetia iliki.

Mtunzaji huyo ni mtu wa Makunduchi, mfupi, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na kazi yake. Kabla ya kuja kwetu alifuga ng'ombe. Sote tulimwita Mzee, ingawa hakuwa amefikia huko. Ndiye aliyewabadilishia panya maranda, akawajazia maji, akajua yupi amegombana na yupi, na muda wote akizungumza nao kwa Kimakunduchi. Nilimuuliza siku moja kwa nini hazungumzi nao Kiswahili cha mjini. Akasema kinawachosha.

Mambo yalianza asubuhi moja nilipoingia chumba cha panya na karatasi yangu ya majibu, nimwambie nani atengwe wapi. Nikakuta ameshawatenga. Masanduku mawili, yamefutwa, yamewekewa maji, watoto wamo. Nikaangalia namba zao nikalinganisha na karatasi. Wenye mistari miwili wote wako sanduku la kulia, wenye mstari mmoja wote kushoto.

Nilifikiri mtu amemsomea majibu kutoka kwenye kompyuta. Akasema hakuna aliyemsomea kitu. Nikamuuliza amejuaje.

"Nnawaona," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka, aliendelea kukunja gunia la maranda.

Kundi lililofuata nilimtega. Kabla sijachemsha chochote nilimwomba aniandikie, kwa kila namba, yupi anacho na yupi hana. Akaandika nyuma ya boksi la glavu, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Siku mbili baadaye nikiwa peke yangu katika chumba cha giza, taa imewashwa na mistari inang'ara juu ya jeli, nikalisoma lile boksi la glavu kutoka juu mpaka chini. Hakukosea hata mmoja. Nikahisi kitu kinanipanda kutoka tumboni, nikadhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko, na kilipotoka sikuweza kukizuia. Nilicheka peke yangu gizani kama mwehu. Kisha nikatoka mbio ukumbini na kandambili za maabara, ambazo hairuhusiwi kutoka nazo nje.

Nilimkuta anakunywa chai. Nikamwambia anionyeshe anachokiona, na anionyeshe sasa hivi. Akaiweka chai chini, akanawa, akavaa glavu, akamtoa mtoto mmoja sandukuni na kumlaza kiganjani. Akamnyoosha mkia taratibu, mpaka kwenye ncha.

Ncha ilikuwa nyeupe. Sehemu ndogo kabisa, si ndefu kuliko punje ya mchele, kama kwamba mnyama alichovya mkia kwenye maziwa. Akamtoa mwingine kutoka sanduku la pili. Mkia mweusi mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nimewashika panya wale kwa miaka miwili na sikuwa nimewahi kuangalia ncha ya mkia. Nilikuwa mtu wa masikio. Yeye, aliyewahamisha kila wiki sanduku hadi sanduku, mikia yao ilining'inia mbele ya uso wake. Alisema manyoya yakianza kuota tu, wiki ya kwanza, yeye anajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Nilidhani mnajua," akasema. "Nilidhani yale mengine mnayafanya kwa kupenda."

Nilikwenda kumweleza mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Dokta. Ni mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, binti wa fundi cherehani, aliyesoma nchi za mbali akarudi na tabia ya kutoamini kitu mpaka akione mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nazungumza haraka na mikono ikipepea, najua, kwa sababu alikisogeza kikombe chake mbali nami. Aliposhika kalamu nilijua limemwingia. Alisema kama ni kweli, basi tunayo alama ya kinasaba inayosomeka bila mashine, bila umeme na bila kumtoboa mnyama, na watu wanatafuta kitu kama hicho kwa juhudi kubwa. Lakini alisema pia kwamba mimi na Mzee tumeshaamini, na mtu aliyeamini huona anachokitaka. Lazima pafanywe jaribio ambalo Mzee atasema kwanza, majibu yake yafungiwe, nami nipime bila kuyajua. Na mtu wa kuyaandika na kuyafungia asiwe mtu wa maabara. Awe mtu asiyejua chochote na asiyetaka chochote.

"Mtu mkali," akasema.

Nikamwambia shangazi yangu alisimamia mitihani kwa miaka mingi. Neno lilinitoka kabla sijafikiri. Dokta akasema nimlete Jumatatu.

Siku hiyo nilirudi nyumbani na kumkuta Shangazi anachagua mchele, sinia mapajani. Nikaketi mbele yake. Nikasema kazini kwetu wanahitaji msimamizi wa mtihani. Uso wake ukabadilika mara moja. Miaka mitano ya kustaafu ikamtoka kama kanga iliyoanguka begani. Akauliza watahiniwa ni wangapi. Nikasema mmoja. Akauliza somo gani.

Nikamweleza yote. Nilianza na malaria, nikapitia vinasaba, nikazunguka kote nilikoweza kuzunguka, lakini mwisho panya akawa hana budi kutajwa. Nilipomtaja, Shangazi aliiweka sinia chini na kuinua miguu yote miwili juu ya kochi, ingawa ndani ya nyumba hamkuwa na hata unyoya wa panya. Nilisubiri aniambie kuhusu ada zote alizonilipia.

"Wamefungiwa?" akauliza.

"Wamefungiwa."

"Na huyo mtahiniwa, ana tabia ya kuangalizia?"

Nikajua tumempata.

Jumatatu alifika saa mbili kamili, buibui limepigwa pasi, mkoba mkononi. Ndani ya mkoba mlikuwa na bahasha tatu, gundi, saa ya mezani, rula na kalamu nyekundu. Mzee alimpa shikamoo, Shangazi akaitikia marahaba, kisha akampangia mahali pa kukaa, karibu na dirisha, mgongo umenyooka. Mimi nilitakiwa kubaki nje ya kizingiti mpaka majibu yaandikwe, kwa hiyo niliyaona mambo yote kupitia kioo cha mlango na kuyasikia nusu, ila si majibu.

Masharti yalisomwa. Hakuna kutoka nje, hakuna kuzungumza na mtu, hakuna kubadilisha jibu likishaandikwa, na hakuna kuzungumza na wanyama. Hapo Mzee akapinga. Alisema kwa heshima kwamba akinyamaza wataogopa, na panya aliyeogopa hatulii mkononi. Shangazi akalifikiria jambo hili kwa uzito wote. Hakujua Kimakunduchi, na nilimwona akipima uwezekano kwamba wanyama wenyewe wangempa mtahiniwa majibu. Mwisho akaruhusu, mradi mazungumzo yasihusu mtihani.

Watoto walikuwa thelathini na mmoja. Mzee alimtoa mmoja mmoja, akamtaja namba, akamnyoosha mkia dirishani, akamnong'oneza Shangazi "Anacho" au "Hana", kisha akamtoboa sikio na kukitia kipande katika kichupa chenye namba ile ile. Shangazi aliandika. Alikuwa amekaa na miguu juu ya boksi la glavu, amejikunja kama mtu aliyemo ndani ya ngalawa inayovuja. Kufikia wa kumi niliona mguu mmoja umeshuka. Kufikia wa kumi na tano miguu yote miwili ilikuwa sakafuni. Kwenye wa ishirini na kitu nikamsikia akisema, "Hebu," na shingo yake ikanyooka kuelekea kiganja cha Mzee, kisha akakumbuka yeye ni nani akarudi nyuma na kukohoa.

Aliyatia majibu katika bahasha, akaigundisha, akaiweka katika bahasha ya pili, akatia sahihi juu ya ulimi wa bahasha. Dokta alimwambia tunalo kabati lenye kufuli. Shangazi akamshukuru na kuitia bahasha mkobani. Tukarudi nyumbani pamoja, na kwa siku mbili niliishi na majibu yale chini ya paa moja. Yalikuwa katika kabati la nguo zake na ufunguo ulikuwa shingoni kwake. Nikimtajia kazi alibadilisha mazungumzo. Nilipomuuliza, mezani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama Mzee alionekana kuwa na uhakika, aliniambia nimalize wali wangu.

Nilipima vile vipande kwa uangalifu ambao sijawahi kupimia kitu. Nilivipima viwili viwili, kila namba mara mbili. Umeme ulikuwa mwema kwetu. Jumatano tulikaa wanne katika chumba kidogo cha mikutano: Dokta na picha ya jeli mbele yake, Shangazi na bahasha, Mzee amevaa kofia nzuri ya kutarizi kama anayekwenda kuposa, na mimi. Shangazi alituonyesha gundi haijaguswa. Akafungua.

"Namba moja. Anacho."

"Mistari miwili," akasema Dokta.

"Namba mbili. Hana."

"Mmoja."

Wakaendelea hivyo, sauti moja baada ya nyingine, kama watu wanaopokezana matofali. Namba tano, namba sita. Kwenye namba kumi Mzee alikuwa ameacha kupepesa macho. Kwenye kumi na nane mimi nilikuwa nimeuma ncha ya mtandio wangu ili nisicheke, maana kile kitu cha chumba cha giza kilikuwa kimerudi tumboni, na kila Dokta alipojibu kilipanda ngazi moja. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Hata Dokta, ambaye sauti yake haipandi kwa lolote, alikuwa ameanza kujibu kabla Shangazi hajamaliza.

"Namba ishirini na sita. Anacho."

Dokta aliinamia picha, akaipeleka karibu na macho.

"Mstari mmoja," akasema.

Shangazi akachukua kalamu nyekundu na kutia alama ya kosa. Sikuwahi kusikia kalamu ikipiga kelele kiasi kile. Wakamaliza waliobaki, na waliobaki wote walikuwa sawa, lakini sote tulikuwa bado tumekaa kwenye ishirini na sita. Shangazi alijumlisha, ingawa palikuwa hapana cha kujumlisha, akatangaza thelathini kwa thelathini na moja. Alisema mtahiniwa amefaulu vizuri sana. Alisema pia kwamba kosa ni kosa.

Mzee aliinuka akatoka. Nilidhani ameumia, na kweli alikuwa ameumia, lakini hakuwa amekwenda kujificha. Alirudi amevaa glavu, amembeba namba ishirini na sita kiganjani. Akamfikisha mbele ya Shangazi, moja kwa moja juu ya meza, na kumnyoosha mkia.

Mimi nilitazama kiti, nikisubiri apande. Hakupanda. Alivaa miwani, akauinamia mkia ule, akautazama kutoka upande huu na upande ule.

"Nyeupe," akasema. "Hakukosea kusoma."

Kisha wote watatu wakanitazama mimi.

Hakuna njia ya kueleza jinsi nilivyojiona. Kama mkia umesema kweli, basi jeli imesema uongo, na jeli ilikuwa yangu. Nilichukua kipande kipya kutoka kwenye sikio lile, nikapima upya tangu mwanzo. Mstari mmoja. Nikafungua dawa mpya, nikapima tena na wenzake wawili pembeni kwa kulinganisha. Wenzake mistari miwili, yeye mmoja, safi, unang'ara, hauna shaka yoyote. Ijumaa asubuhi nilimpelekea Dokta picha zote tatu kama mtu anayejisalimisha kituo cha polisi.

Alizitazama. Akavua miwani. Akaanza kucheka, na sikuwahi kumwona akicheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, akanishika mkono na kunivuta mpaka chumba cha panya. Huko tulimkuta Mzee na, kwa mshangao wangu, Shangazi, aliyekuja mwenyewe kwa sababu alisema mtihani haujafungwa mpaka rufaa isikilizwe.

Dokta akatueleza akiwa amesimama baina ya masanduku. Alisema hakuna aliyekosea. Mkia mweupe na kinasaba chetu si kitu kimoja. Ni majirani. Vyote viwili viko juu ya uzi mmoja wa vinasaba, karibu sana, na mtoto anapourithi uzi ule anavipata vyote viwili pamoja. Ila kabla mzazi hajarithisha, nyuzi zake mbili, uliotoka kwa baba yake na uliotoka kwa mama yake, hulala ubavu kwa ubavu, zikakatika mahali na kubadilishana vipande.

"Chukulieni nyumba mbili za Mkunazini zinazotumia ukuta mmoja," akasema. "Ukipitisha kisu katikati ya mtaa, popote pale, nyumba zile karibu kila mara zitabaki upande mmoja. Lakini itatokea siku kisu kikapita kwenye ukuta wao. Huyu ishirini na sita amepata mkia, na kinasaba kimebaki upande wa pili."

Mzee alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Jumatano. Akamwambia panya kitu kwa Kimakunduchi. Shangazi alikuwa akitazama ukutani, midomo ikicheza kidogo, na mimi niliyekuwa mwanafunzi wake nilijua anapiga hesabu.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mtu akihesabu kisu kimepita kwenye ukuta mara ngapi, katika watoto wengi, atajua nyumba zile zimeachana kiasi gani. Kadiri makosa yanavyokuwa machache ndivyo zilivyo karibu. Makosa ndiyo rula yenyewe."

Dokta alimgeukia. Akamwambia kwamba hivyo ndivyo hasa ramani za vinasaba zilivyoanza kuchorwa, na kwamba wanafunzi wake chuoni huhitaji muhula mzima kulifikia jambo hilo. Shangazi akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa na miaka sitini na minne na nilimwona akiona haya kama msichana. Kisha akacheka. Mimi nikacheka. Mzee, ambaye nadhani hakuyafuata yote, akatuangalia na kuanza kucheka pia, na panya wakakimbilia kwenye pembe za masanduku yao.

Tangu siku ile Shangazi akawa anakuja Jumanne na Alhamisi. Hakuajiriwa na hakuulizwa. Yeye na Mzee walipitia kila panya aliyekuwa hai, mmoja anasoma mkia, mwingine anasoma daftari langu la zamani, wakiwatafuta wale ambao mkia na mistari havikukubaliana. Walikuwa wachache sana. Kila wakimpata mmoja walifurahi kama walioshuhudia mwezi, na Shangazi alikuja hadi kwenye meza yangu kunitangazia. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa kinyume cha ishirini na sita, mwenye kinasaba na mkia mweusi tii. Siku waliyompata huyo Mzee alinunua halua.

Kazi yangu ikabadilika. Watoto wakifikisha wiki moja Mzee anawagawa kwa mikia, na mimi napima kwa mashine wale tu wanaoingia kwenye utafiti, ili kuhakikisha kisu hakikupita ukutani. Masikio yanayotobolewa yamepungua. Masanduku yamepungua, kwa sababu hatulei tena wanyama wengi kwa wiki tatu bila kujua ni wa nini. Kuna siku naenda nyumbani adhuhuri, jambo ambalo lilinitia wasiwasi mwanzoni.

Dokta aliyaandika yote, akayatia majina ya watu wanne juu, na akatutaka tuyaeleze katika mkutano wa watafiti uliofanyika hapa mjini. Tulibandika bango letu ukutani, lenye picha kubwa ya mikia miwili. Nilikuwa nimejiandaa mimi kuzungumza, lakini watu walikwenda moja kwa moja kwa Mzee, labda kwa sababu ya kanzu yake. Profesa mmoja kutoka bara alimsikiliza kwa makini, akamuuliza alitumia mbinu gani kuigundua alama hiyo.

"Nilikuwa nawaangalia," akasema Mzee.

Profesa akasubiri aendelee. Hakuendelea. Profesa akaandika kitu kwenye daftari lake, na mimi nilitoka nje nikaegemea nguzo ya baraza na kucheka mpaka mpita njia akaniuliza kama nahitaji maji.

Ijumaa iliyofuata Mzee alitualika kwao Makunduchi, sote watatu. Mkewe alipika wali wa nazi na pweza, tukala mkekani nyuma ya nyumba. Habari ilikuwa imeshatutangulia, na njiani ilikuwa imenenepa. Pale kijijini ilisemwa kwamba Mzee anamtazama mnyama mkia akakwambia amebeba nini ndani. Hatujamaliza kula akaingia jirani anavuta ng'ombe jike, mwekundu, mdogo bado, akamfunga kwenye mnazi. Akamwomba Mzee amwambie kama ng'ombe yule atakuja kuwa na maziwa mengi.

Mke wa Mzee alificha uso kwa upande wa kanga. Dokta alitazama chini. Mzee hakumcheka jirani yake. Aliinuka, akamzunguka ng'ombe, akaukamata mkia, akaunyoosha taratibu mpaka kwenye ncha, na akauangalia kwa muda, sawasawa na anavyowaangalia wale wa kwetu. Shangazi alikuwa ameacha kutafuna.

"Sijui," akasema Mzee. "Niletee ng'ombe mia, pamoja na mama zao, halafu uniache nao mwaka mmoja."

Jirani alilipima jambo hilo. Akasema yeye anao watatu, lakini atawauliza wenzake.